Ikikosea, Iseme

Mimi ni muuguzi. Kazi hii niliisomea ISTM, Lubumbashi, na sasa naishi na kuifanya Kasomeno, pale barabara itokayo mjini inapogawanyika: njia moja inashuka Kasenga kwenye mto Luapula, nyingine inaendelea kaskazini kuelekea Pweto, kwenye ziwa Mweru. Wapitaji wanaikumbuka Kasomeno kwa malori, samaki wakavu na magunia ya makala. Mimi naijua zaidi kwa homa za watoto, hasa wakati wa mvua. Ushuhuda wangu ni juu ya programu zilizoingia katika vyumba vyetu vya matibabu, na juu ya namna nilivyobadilika mbele yake. Nauandika kwa ajili ya wauguzi wenzangu wa Haut-Katanga, na kwa wale wanaotuletea hizo programu.

Zamani nilikuwa na kipimo kimoja tu cha mashine: inawaka au haiwaki. Aliyekulia kwetu hatashangaa. Tumezaliwa katika umeme wa kuja na kwenda. Friji ya chanjo ikinguruma asubuhi, unamshukuru Mungu. Darubini ikipata mwanga, unamshukuru Mungu. Mashine iliyowaka ilikuwa imekwisha kutimiza wajibu wake, na yaliyobaki yalikuwa juu yetu. Hata tulipoanza kufundishwa ordinatere, maswali yetu kwa wakufunzi yalikuwa ya betri, ya chaja, ya mtandao, ya nani ataitengeneza ikifa. Sikumsikia hata mmoja akiuliza: je, ikiwa hai, na inachosema si kweli, tutajuaje?

Swali hilo lilinijia katika kituo kimoja nilichofanyia kazi kabla ya kufika Kasomeno. Tulikuwa tumeletewa tableti yenye programu ya kukokotoa dozi za watoto. Unaandika jina, umri na uzito, unachagua ugonjwa, nayo inakupa miligramu na mililita. Tuliipokea kwa mikono miwili, na tulikuwa na sababu. Malaria kali haingoji. Dawa yake ni artesunati ya sindano. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa 2010, uliwafuata watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo yetu ikiwemo. Kati ya waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, kati ya waliopewa artesunati, asilimia 8.5. Nyuma ya tofauti hiyo wapo watoto walio hai leo.

Lakini artesunati inadai hesabu. Kichupa kina miligramu 60 za unga. Unauyeyusha kwa mililita moja ya bikaboneti, unatikisa hadi maji yaangae kabisa, kisha, kama unachoma kwenye mshipa, unaongeza mililita tano za maji ya chumvi, na kila mililita inakuwa na miligramu 10. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo. Wa kilo 20 na kuendelea, miligramu 2.4. Sindano ya kwanza mara afikapo, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24. Fanya hesabu hiyo usiku, kwa tochi ya simu, mtoto akiwa katika degedege na mama yake akilia pembeni, utaelewa kwa nini hakuna aliyetaka kurudi kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Jioni moja walifika watoto wawili wakifuatana. Wa kwanza alikuwa na kilo 11, nikamhudumia. Wa pili nilimpima mwenyewe, akawa na kilo 16. Niliandika 16, kioo kikaonyesha 16, nikabonyeza kuendelea. Mtandao ulikatika kidogo, ukarudi, na ukurasa wa dozi ukafunguka. Nina desturi niliyoachiwa na muuguzi mzee aliyenilea katika kazi: kabla ya kuchoma, taja kwa sauti jina, uzito na dozi, mzazi asikie. Nikasoma kama ilivyoandikwa: kilo 11, miligramu 33.

“Mama docta, hapana,” mama yake akasema. “Huyu wangu eko na kilo kumi na sita. Hata kwa fishi njo baliandika.”

“Leta fishi, mama, tuangalie pamoja.”

Akaitoa kadi hiyo ya uzito ndani ya kitambaa. Ilikuwa imekunjwa hadi mikunjo imeanza kukatika, na kwenye mstari wa mwezi uliotangulia pameandikwa kwa bic ya buluu: 15,8. Nikarudi ukurasa wa kwanza wa tableti: 16. Nikaenda ukurasa wa dozi: 11. Programu ilikuwa inaonyesha uzito wa mtoto huyu na kukokotoa kwa uzito wa yule aliyemtangulia. Haikulia, haikuweka alama nyekundu, haikuuliza kitu. Mtoto aliyestahili miligramu 48 ilikuwa inampa 33. Nikapiga hesabu kwa kalamu, nikamchoma dozi yake kamili, na alipona.

Zitazameni vizuri namba hizo mbili. Miligramu 33 na miligramu 48 zote zinatoka katika kichupa kimoja. Kwenye sirinji ni mililita 3.3 na mililita 4.8, na zote zinaingia katika sirinji ile ile ya mililita tano. Jicho la muuguzi halina pa kushikia. Kama mama angenyamaza, mtoto angelala, homa ingeshuka kidogo, vimelea vingebaki katika damu. Hali yake ingegeuka kesho yake, tungesema malaria ilikuwa kali mno, ni mapenzi ya Mungu. Hakuna ambaye angeinyoshea tableti kidole, kwa kuwa ilikuwa inawaka, na tulikuwa tumezoea kuamini kinachowaka.

Mtoto wa dada yangu anasoma Polytechnique kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nilipomsimulia, hakushangaa. “Mama mudogo,” akaniambia, “kile unachokiona kwenye kioo na kile inachokokotoa ndani vinaweza kuwa vitu viwili. Mtandao ulipokatika, sehemu moja ilipata uzito mupya, sehemu nyingine ikabaki na wa zamani.” Kisha akanieleza habari ambayo kila mwanafunzi wa darasa lake anaisoma, na ambayo naamini kila muuguzi pia angepaswa kuijua.

Therac-25 ilikuwa mashine ya mionzi ya kutibu saratani, iliyotengenezwa na AECL ya Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, huko Marekani na Kanada, wagonjwa sita walipigwa mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Katika mji wa Tyler, Texas, mwezi Machi 1986, mwendeshaji aliandika herufi ya aina ya mionzi ambayo haikuwa yenyewe, akaiona, akarudi kuisahihisha upesi, maana alikuwa na uzoefu wa kazi yake. Kioo kikaonyesha sahihisho. Lakini wakati huo mashine ilikuwa inapanga sumaku zake, kazi ya sekunde kama nane, na katika sekunde hizo haikulipokea badiliko. Ujumbe uliotokea ulisema hitilafu namba 54, bila maelezo, na kipimo kikaonyesha kwamba mgonjwa amepata mionzi kidogo kuliko alivyopangiwa. Ukweli ulikuwa kinyume kabisa.

Aprili mgonjwa mwingine akaumizwa hapo hapo. Aliyefumbua fumbo hilo hakutoka kiwandani. Ni Fritz Hager, mwanafizikia wa hospitali, pamoja na mwendeshaji yule. Walikaa na mashine bila mgonjwa, wakaandika na kusahihisha, wakaandika na kusahihisha, hadi wakagundua kwamba hitilafu inatokea pale vidole vinapokwenda kasi. Na kuna jambo jingine lililonikaa moyoni. Mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na kasoro hiyo hiyo katika programu yake, ila ilikuwa na vizuizi vya umeme na vyuma vilivyosimama peke yake: programu ikikosea, fyuzi inaungua na kazi inasimama. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, ulinzi wote ukaachiwa programu.

Hapo ndipo nilipogeuka. Nilielewa kwamba fishi ya yule mama ilikuwa fyuzi yetu. Ilikuwa chombo cha pili, kisichotegemea cha kwanza, chenye uwezo wa kusimamisha kazi. Kama kituo kingekuwa kimeshaamua kwamba fishi za karatasi hazihitajiki tena, tungekuwa tumeondoa kizuizi kile kile walichokiondoa kwenye Therac-25. Nikaelewa pia kwamba kutafuta kasoro ni kazi yetu sisi tunaokaa na mgonjwa, maana sisi ndio tunaojua mambo yanavyokwenda mlangoni: watoto wawili kwa mara moja, mtandao unaokatika, mama anayebadilisha jina la mtoto baada ya ugonjwa. Mtengenezaji akiwa mbali hawezi kuyaona hayo yote.

Tangu hapo, na sasa hapa Kasomeno, programu mpya haimgusi mgonjwa kabla hatujakaa nayo. Tunachagua alasiri yenye watu wachache, tunaleta rejista ya zamani, tunaiandikia watoto wa kubuni, na tunaitendea yale maisha yetu yatakayoitendea.

Tunaanza na mkato. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika 9,5. Ng'ambo ya Luapula, Zambia, wanaandika 9.5, na vifaa vingi vinatufikia vikiwa vimepangwa kwa namna yao. Barabara ya Kasomeno hadi Mwenda na daraja la kuvuka mto vikikamilika, vitakuja vingi zaidi. Basi tunaandika 9,5 na kutazama. Programu njema inakubali au inakataa waziwazi. Iliyo mbaya inaumeza mkato na kusoma 95. Kwa mtoto wa kilo tisa na nusu, ambaye hata nusu ya kichupa hamalizi, itaagiza vichupa vinne. Kosa hilo ni kubwa, na kwa ukubwa wake linajitangaza, kwa kuwa hakuna muuguzi atakayevunja vichupa vinne kwa mtoto mdogo hivyo bila kusita. Naliogopa kidogo kuliko lile la 33 na 48. Tangu nilipogeuka, makosa nayapanga kwa namna hiyo: kwanza nauliza kama mtu aliyechoka angeliona, ndipo nauliza ukubwa wake.

Kisha tunaipima umri wa elimu yake. Zamani artesunati ilikuwa miligramu 2.4 kwa kila kilo kwa watu wote. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliongeza dozi ya watoto wa chini ya kilo 20 kuwa 3, kwa kuwa ilionekana miili yao midogo inapata dawa kidogo kuliko inavyohitaji. Kwa hiyo tunamwandika mtoto wa kilo 9. Ikijibu 27, iko na wakati wake. Ikijibu 21.6, inatibu kwa mwongozo uliokwisha kuachwa, na inafanya hivyo kwa sura ile ile ya uhakika. Halafu tunaandika kilo 19, ikupe 57, na kilo 20, ikupe 48. Dozi inashuka mtoto anapoongezeka uzito, na ndivyo mwongozo unavyosema. Mtengenezaji aliyepita mpaka huo bila kuuona, utamkuta hapo.

Tunaigusa saa. Kongo ina saa mbili: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Programu iliyopangwa kwa saa ya Kinshasa itaandika kwamba sindano ilichomwa kabla mtoto hajafika. Na betri ikiisha kabisa, vifaa vingine vinaamka na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Kwa dawa inayofuata saa 12 na saa 24, kifaa kisichojua saa kinapaswa kukataa kupanga sindano hadi mtu aithibitishe saa hiyo.

Tunawaleta mapasa: tarehe moja ya kuzaliwa, baba mmoja, kijiji kimoja. Programu nyingi zinawaona kuwa mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, zikawaunganisha. Mwisho, tunarudia lile lililonifundisha: mtoto wa kilo 11, kisha wa kilo 16, na kati yao tunakata mtandao, tunazima kifaa katikati ya kuhifadhi, tunafungua tena. Kila jibu tunaliandika katika daftari, pamoja na tarehe na toleo la programu, ili toleo jipya likija tuanze upya.

Wengine wananiambia huko ni kuchelewesha maendeleo. Nawaheshimu, lakini nimeona kasoro za kimya zinakwenda mbali. Huko Panama, kati ya 2000 na 2001, katika taasisi ya taifa ya saratani, wagonjwa 28 walizidishiwa mionzi. Wataalamu walikuwa wameingiza vipimo vya vikinga-mionzi kwa namna ambayo programu haikutengenezewa. Programu haikukataa. Ilipokea, ikakokotoa muda mrefu kuliko unaotakiwa, ikautoa kama jibu la kawaida. Wachunguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipofika, moja ya mafundisho yalikuwa mepesi kabisa: hesabu ya mkono, ya kuthibitisha, ingeliona kosa hilo. Hesabu ya mkono haigharimu fedha nyingi. Inagharimu dakika chache na kalamu.

Na jambo hili haliishii kwenye sindano. Kila mwezi vituo vya Kongo vinajaza ripoti za SNIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya, nazo huingizwa katika DHIS2, programu inayojengwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, kutokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini miaka ya 1990. Ni chombo chenye manufaa makubwa, na nchi nyingi za Afrika zinakitegemea. Lakini kwa kawaida yake hakihifadhi sifuri, isipokuwa aliyekipanga amekiamuru kuihifadhi. Kwa hiyo kituo kilichoandika kwamba vifo vya malaria ni 0, na kituo ambacho hakikuandika kitu, vinaweza kuonekana sawa huko juu. Kimoja kimehesabu na kushukuru, kingine pengine hakina hata mtu wa kuhesabu. Anayegawa dawa za mkoa anahitaji kuvitofautisha, na atavitofautisha tu kama aliyepanga programu alilifikiria jambo hilo mapema.

Sitaki mtu asome ushuhuda huu aseme: basi turudi kwenye karatasi peke yake. Karatasi inaloa, inaliwa na panya, inapotea safarini, na haijui kuzidisha. Nimeona programu ikimkumbusha muuguzi aliyekesha dozi ya tatu ambayo angeisahau. Nafahamu OpenMRS, iliyoanza 2004, ambayo programu yake iko wazi kwa yeyote kuisoma na kuirekebisha, na imebeba kumbukumbu za wagonjwa Eldoret, Kenya, na katika vituo vya Rwanda. Nazitaka mashine hizi. Nazitaka kwa sababu nawataka watoto wapone, na kwa sababu hiyo hiyo siwezi kuzipokea kwa imani tupu.

Kilichobadilika ndani yangu ni maana ya kuaminika. Zamani niliita ya kuaminika mashine isiyozimika. Leo naiita hivyo mashine ambayo, ikipotea, inasimama na kuniambia imepotea. Tableti inayoandika “sina uzito wa mtoto huyu, mpime tena” inaniheshimu mimi na mgonjwa wangu, hata kama inanichelewesha. Inayonipa namba nzuri kutoka kwa mtoto mwingine inanidanganya, hata ikiwaka mwaka mzima.

Nina maombi matatu basi, nayasema kwa moyo wote. Kwenu mnaotengeneza: uzito na dozi vikae kwenye ukurasa mmoja, kwa herufi za ukubwa mmoja, tarehe ya mwongozo wa matibabu ionekane bila kutafutwa, na sehemu ya uzito ianze tupu kwa kila mtoto. Kwenu mnaonunua na kugawa, mashirika, zone za afya, mkoa, na wakala wetu wa taifa wa kompyuta za afya, ANICiiS: tangu 2006 iko kanuni ya kimataifa, IEC 62304, inayozigawa programu za tiba katika madaraja A, B na C, na C ni ile ambayo kosa lake linaweza kuua au kujeruhi vibaya. Muulizeni muuzaji programu yake iko daraja gani na aliijaribu vipi, kabla ya kuuliza bei. Na mkileta kifaa, leteni pia namba ya simu ya mtu atakayepokea taarifa ya kasoro na kuijibu, maana kasoro tunazoziona Kasomeno zinaweza kuwa zinamngoja mtoto wa Pweto.

Na kwenu wauguzi wenzangu: msiseme ninyi si mainjinia. Tangazeni uzito na dozi kwa sauti. Mwachieni mama nafasi ya kusema hapana, na akisema, simamisheni sindano mpaka mmejua nani yuko sahihi. Kila programu mpya iombeeni alasiri moja ya kuitesa, na kama mkubwa wa kazi atasema hakuna muda, mwonyesheni namba hizi mbili, 33 na 48, mwombeni achague ipi ni ya mtoto wake.